Gitaa kavu linatoka vibaya kwenye rekodi: tafuta ugonjwa kabla ya kununua maiki nyingine

Mtu akirekodi gitaa kavu nyumbani na matokeo yasimridhishe, wa kwanza kulaumiwa ni maiki. Anajichanga, ananunua ya bei ya juu kidogo, anarudi chumbani kwake, na uchafu uko palepale; safari hii unasikika kwa ubora zaidi. Nimewasikilizia watu wengi rekodi zao za gitaa, na nyingi kati ya hizo maiki haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ukuta, chaja, waya, au sentimita kumi za kusogeza kiti.

Kwa hiyo tuanze na dalili. Maiki ipi ununue tutaliamua mwishoni, tukishajua kilichobaki baada ya kuondoa yasiyohitaji pesa.

Kwanza tengeneza rekodi ya kupimia. Kaa unapokaa siku zote. Weka maiki kama sentimita 25 kutoka kwenye gitaa, iangalie pale shingo inapokutana na mwili, eneo la freti ya 12 hadi ya 14. Rekodi nusu dakika ya ukimya bila kugusa chochote. Kisha piga nyuzi sita moja moja, kila mmoja uache ulie hadi ufe. Kisha piga kodi kadhaa kwa nguvu yako ya kawaida. Usiweke ikwalaiza wala mwangwi wa programu. Sikiliza kwa hedifoni, kwa sababu spika za laptopu haziwezi kukuonyesha besi wala mvumo. Faili hilo ndilo mgonjwa wetu.

Hakuna sauti, au iko mbali kama mtu anapiga nyumba ya pili

Hapa jua kwanza aina ya maiki uliyonayo. Za dainamiki, kama Shure SM57, SM58 au Behringer XM8500, hazihitaji umeme wowote. Za kondensa, kama Audio-Technica AT2020, zinahitaji volti 48, na umeme huo hutoka kwenye saundi kadi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, ukipitia waya uleule wa XLR, wenye plagi ya duara ya pini tatu. Kwenye saundi kadi kuna kitufe kilichoandikwa 48V. Shusha sauti ya hedifoni, kibonyeze, subiri sekunde chache ndipo upige. Inashangaza ni rekodi ngapi zimefia kwenye kitufe hicho.

Ugonjwa unaotusumbua zaidi huku kwetu ni ule wa BM-800, ile maiki ya kondensa inayouzwa kama seti kamili pamoja na mkono wa mezani, sponji na waya wenye XLR upande mmoja na jeki ya milimita 3.5 upande wa pili. Utaikuta Kariakoo Dar es Salaam, utaikuta Luthuli Avenue Nairobi, na kwenye picha inafanana na maiki za studio kubwa. Mnunuzi anachomeka jeki kwenye laptopu na kupata sauti ndogo iliyozama kwenye kelele. Tundu la maiki la laptopu hutoa volti chache tu, si 48. Zaidi ya hapo, laptopu nyingi za sasa zina tundu moja la hedifoni na maiki pamoja, linalotarajia jeki yenye sehemu nne, wakati waya wa BM-800 una tatu. Hapo laptopu haiitambui kabisa, na unachorekodi ni maiki ndogo ya juu ya kioo. Jaribio lake ni rahisi: kwaruza mwili wa BM-800 kwa kucha, halafu kwaruza karibu na kamera ya laptopu. Kinachosikika kwa nguvu ndicho kinachorekodi.

Dawa ya kweli ni saundi kadi yenye 48V na waya wa kawaida wa XLR kwa XLR. BM-800 ikipewa umeme wake hubadilika tabia. Haiwi maiki ya ajabu, lakini huwa maiki. Kile kisanduku cha 48V kinachouzwa peke yake ni nusu ya dawa: kinaipa maiki umeme wake, halafu sauti unairudisha kwenye tundu lilelile dhaifu la laptopu.

Sababu ya pili ya sauti kuwa mbali ni kuelekeza upande usio. SM57 na SM58 husikia kwa kichwani, kama tochi. AT2020, BM-800 na nyingi za umbo hilo husikia kwa ubavuni, upande mmoja tu, mara nyingi ule wenye nembo. Ukiielekeza AT2020 kwenye gitaa kwa ncha ya juu, utapata sauti iliyofifia, kama iliyofunikwa shuka, na chumba kitasikika kuliko nyuzi. Isimamishe wima, nembo iangalie gitaa.

Kwa wanaotumia saundi kadi na simu: simu nyingi hazitoi umeme wa kutosha kuendesha saundi kadi yenye 48V. Dalili ni taa kuwaka kisha kuzimika, au maiki kulia sekunde chache na kunyamaza. Pitisha kwenye habu ya USB yenye chaja yake.

Gitaa lipo, lakini nyuma yake kuna "shhhh" isiyoisha

Sikiliza ile nusu dakika ya ukimya. Kama "shhh" ni tulivu, haipandi wala haishuki, chanzo ni ukuzaji: sauti ndogo inakuzwa sana, na kelele ya vifaa inakuzwa pamoja nayo.

Tazama tarakimu. Kwa shinikizo la sauti la paskali moja, SM57 hutoa takriban milivolti 1.6. AT2020 hutoa takriban 14. Ni tofauti ya karibu desibeli 19. Maana yake, anayepiga kwa vidole taratibu mbele ya SM57 atalazimika kuzungusha geini ya saundi kadi, yaani kitufe cha ukuzaji, karibu mpaka mwisho, na hapo ndipo saundi kadi za bei ndogo huanza kupiga kelele. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ina geini ya desibeli 56. Ya kizazi cha nne imefika 69, na kwa mwenye maiki ya dainamiki tofauti hiyo inasikika.

Basi kabla ya kununua kitu, sogea. Kupunguza umbali kwa nusu, tuseme kutoka sentimita 40 hadi 20, huongeza sauti ya moja kwa moja kwa takriban desibeli 6 bila kugusa geini. Kama bado, na unapenda kupiga kwa vidole polepole, hapa kweli maiki imekosea kazi: unahitaji kondensa.

Kondensa nazo zina kelele yao ya ndani. AT2020 imeandikwa desibeli 20. Rode NT1-A ni 5, na NT1 mpya ni 4. Je, ulipie tofauti hiyo? Kwa mtu anayecharaza kodi, sioni sababu. Chumba cha kawaida mjini usiku hakishuki hadi desibeli 20, kwa hiyo kelele ya chumba itaifunika ya maiki. Kwa mpiga vidole anayeishi kijijini kulikotulia, zungumza na mfuko wako.

Kuna "shhh" nyingine yenye tabia tofauti: inapanda kila unaponyamaza na kuzama kila unapopiga. Hiyo ni simu au kompyuta inayorekebisha kiwango cha sauti yenyewe. Programu nyingi za kurekodi kwenye simu zimetengenezwa kwa ajili ya kuongea. Zinaposikia kodi zinabana, na kodi ikianza kufa zinainua kila kitu, pamoja na jirani. Ingia kwenye mipangilio uzime urekebishaji wa geini na upunguzaji wa kelele. Kama programu haina chaguo hilo, tafuta nyingine. Kwenye Windows, fungua sifa za maiki uzime maboresho ya sauti. Na tafadhali, usipime gitaa kwa kurekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Faili lile limebanwa ili libebe maneno, na mlio wa juu wa nyuzi haumo.

Mvumo wa "mmmm" usiobadilika

Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake huja kwa 50, 100, 150 na kuendelea. Hezi 100 iko karibu kabisa na noti ya G ya uzi wa sita, freti ya tatu, ambayo ni 98. Ndiyo maana wengine hawautambui hadi wimbo unapobadilika ufunguo. Walidhani ni besi ya gitaa.

Chomoa chaja ya laptopu, urekodi kwa betri. Mvumo ukitoweka, mkosaji ni chaja, hasa zile za pini mbili zisizo na ethi, au zenye pini tatu zilizochomekwa kwenye ekstensheni ambayo ethi yake ni mapambo. Rekodi kwa betri na maisha yaendelee. Usije ukavunja pini ya ethi ili "kuondoa mvumo". Ile ndiyo inayokukinga na shoti.

Ukibaki baada ya kuchomoa, angalia waya. Waya wa XLR mpaka XLR hubeba sauti kwa namna inayofuta kelele inayoingia njiani. Waya wa XLR kwenda jeki ndogo haufanyi hivyo, na kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyodaka. Usiulaze sambamba na waya za umeme. Simu iondoe mezani, na taa yenye swichi ya kupunguzia mwanga izime.

Besi inavimba, kodi zinakuwa uji

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuielekeza maiki kwenye tundu la gitaa. Inaonekana ni akili, maana sauti si inatokea humo? Inayotoka humo kwa nguvu ni pumzi ya sanduku. Hewa ndani ya gitaa la ukubwa wa kawaida hutetemeka yenyewe kwenye hezi 100 hivi, na ukiweka maiki mbele ya tundu unarekodi mtetemo huo kuliko nyuzi. Juu yake, maiki zinazosikia upande mmoja huongeza besi kadiri zinavyosogelewa. Mambo mawili yanakutana palepale.

Geuza maiki iangalie freti ya 12, ibaki umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kama besi bado ni nyingi, usirudi nyuma haraka, maana ukirudi unaongeza chumba. Izungushe kidogo ielekee kichwa cha gitaa. Kama sauti imekuwa nyembamba, irudishe kidogo kuelekea mwili. Fanya hivi ukiwa umevaa hedifoni, maiki mkononi, na mwenzako ndiye anayepiga. Dakika tano za namna hiyo zinafundisha kuliko video nyingi. Mwisho kata chini ya hezi 80 kwenye programu. Uzi wa sita ukiwa wazi ni hezi 82, kwa hiyo huibi muziki, unaondoa vishindo vya miguu na malori.

Ila kuna uvimbe wa noti moja tu. Kodi zote ziko sawa, lakini kila ukifika A ya uzi wa tano, nyumba inavuma. Vyumba vingi vya kupanga ni futi kumi kwa kumi. Mita tatu na kidogo kati ya kuta zinazotazamana huzaa mivumo ya asili kwenye takriban hezi 56 na 112. A ya uzi wa tano ni 110. Na kwa kuwa kuta za pande zote mbili ziko umbali uleule, mvumo unakuja mara mbili. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, ambako ndiko wengi tunakoweka kiti, ule wa 112 uko kwenye kilele chake.

Utajuaje kama ni chumba au ni gitaa lenyewe? Simama, piga A wazi, tembea nayo chumbani taratibu. Ikivimba sehemu fulani na kunywea sehemu nyingine, ni chumba: hamisha kiti hadi kama theluthi ya urefu wa chumba, na usikae sambamba na kuta. Ikivimba kila uendako, ni sanduku la gitaa, na hapo punguza desibeli tatu au nne kwenye noti hiyo kwa ikwalaiza.

Kama vile umerekodia bafuni

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bure, na nyumba zetu zina mchango mkubwa. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu, dirisha la alumini. Kila kimoja kinarudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia "trrrr" fupi inayotetemeka baada ya kofi, kuta mbili tupu zinatazamana na zinarushiana sauti.

Mwangwi unaosikika ni sehemu tu ya tatizo. Sehemu nyingine huisikii kama mwangwi. Unaisikia kama gitaa lisilo na mwili. Chukua mfano wa gitaa na maiki kwenye mstari mmoja, ukuta mtupu ukiwa nusu mita nyuma ya gitaa. Sauti inayoenda nyuma inafika ukutani na kurudi hadi kwenye maiki, ikiwa imesafiri mita moja zaidi. Kwenye hezi 170 hivi, sauti iliyorudi inapishana na iliyofika moja kwa moja na kuipunguza. Ni E na F za uzi wa nne, katikati ya kodi zako. Noti nyingine inaongezeka, inayofuata inapungua, na kadhalika kupanda juu. Hakuna maiki ya bei yoyote inayorekebisha hilo. Kondensa nzuri italirekodi kwa uaminifu mkubwa.

Trei za mayai ukutani zinapendeza kwenye video. Ni karatasi nyepesi. Zinagusa kidogo sauti za juu na kuiacha mivumo ya chini ipite kama kawaida. Khanga na kitenge vilivyotundikwa navyo ni vyepesi mno. Kinachofanya kazi ni uzito na unene: godoro lililosimamishwa, mablanketi mazito yaliyokunjwa mara mbili, kabati la nguo lililo wazi na limejaa, kitanda chenyewe. Chumba cha kulala hushinda sebule karibu siku zote kwa sababu hiyo.

Panga hivi. Simamisha godoro nyuma ya mgongo wako, wewe ukiwa kati yake na maiki. Wengi huliweka nyuma ya maiki, lakini maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi upande wa mbele, imeshaziba sikio lake la nyuma. Inachosikia ni kinachotoka nyuma yako. Kisha funika sakafu kati yako na maiki kwa blanketi, kwa kuwa vigae ndiyo ukuta wa karibu kuliko wote. Rekodi tena faili la kupimia, ulinganishe. Kama umefanya hivyo na bado ni bafu, ndipo ufikirie maiki ya dainamiki kwa umbali wa sentimita 12 hadi 15. Kwa kukaa karibu kiasi hicho chumba hakipati nafasi ya kusema. Besi itaongezeka, utaikata.

Anayetumia maiki ya kubana kwenye shati, kama Boya BY-M1, ajue kwamba inasikia pande zote, kwa hiyo inadaka chumba kuliko maiki ya kadioidi iliyo umbali uleule. Faida yake ni kwamba haiongezi besi ikisogelewa. Iweke sentimita 15 kutoka freti ya 12, ikiwa kwenye stendi au imefungwa kwenye kitu kisichotikisika. Ukiibana kwenye shati, mgongo wa gitaa utaisugua, na utarekodi vifungo vyako. Swichi yake ina nafasi mbili, simu na kamera. Kwenye upande usio sahihi inanyamaza au inasikika kwa mbali.

Panga boi, jogoo, bodaboda

Panga boi zima, hata kama ni Februari Dar es Salaam. Upepo wake ukigonga kondensa huleta vishindo vya chini ambavyo ikwalaiza haivimalizi. Friji kama iko chumba kimoja nawe, ichomoe, na weka funguo za nyumba juu yake ili usisahau kuichomeka tena.

Kelele za nje zina mwelekeo, na maiki ya kadioidi ina mgongo. Elekeza mgongo huo dirishani, yaani wewe ndiye uwe umeangalia dirisha na maiki ikuangalie wewe. Wengi hukaa kinyume, wakiwa wameligeuzia dirisha kisogo, na maiki inaitazama barabara ikipitia juu ya mabega yao. Mvua juu ya bati haina dawa. Ahirisha.

Mtu atakuambia dainamiki "haidaki kelele". Si kweli kwa maana hiyo. Kwa umbali uleule na sauti ya gitaa ikiwa imelinganishwa, dainamiki ya kadioidi na kondensa ya kadioidi zitakuletea bodaboda ileile kwa kiasi kinachokaribiana. Dainamiki inashinda kwa sababu watu huisogelea.

Sauti inapasuka

Tazama vilele kwenye programu. Vikigusa sifuri, punguza geini hadi vilele vizunguke kwenye desibeli −12, na urekodi kwa biti 24. Rekodi iliyo chini kidogo unaweza kuiinua baadaye, iliyopasuka hairudi. Kama vilele viko chini na bado inapasuka, tafuta uzi unaogonga freti, kifungo cha shati, au kipuli. Gitaa kavu peke yake ni nadra kuizidi nguvu maiki yoyote niliyoitaja hapa.

Mlio umekufa, na vidole vinalia kuliko nyuzi

Badili nyuzi. Seti mpya ni bei ndogo kuliko maiki yoyote, na inabadilisha rekodi kuliko kuhama kutoka maiki ya dola 100 kwenda ya 300. Kwa watu wa Pwani, nyuzi za chuma hupata kutu mapema kwa jasho na hewa ya chumvi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Zikiwa mpya kabisa zitalia "fwii" kila unapotelezesha vidole, kwa hiyo zipige siku moja mbili kabla ya kurekodi. Mikwaruzo ikizidi, sogeza maiki kidogo kuelekea mwili, maana kwenye shingo ndiko inakozaliwa.

Inachakaricha na kupiga "pop" bila sababu, hasa masika

Badili waya kwanza. Kama si waya, na maiki ni kondensa, unyevu umeingia kwenye kiwambo chake. Zanzibar, Mombasa, Tanga, hili ni jambo la kawaida. Ihifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Iliyokwisha kupata unyevu, iache masaa kadhaa mahali pakavu penye joto la kawaida. Usitumie drayer ya nywele. Dainamiki hazina tabia hii, na mtu anayerekodia barazani karibu na bahari ana haki ya kulizingatia hilo wakati wa kununua.

Umeweka maiki mbili na sasa ni mbaya kuliko moja

Sauti imekuwa tupu, na kwenye spika moja ya simu gitaa linakaribia kupotea. Maiki mbili zinapokea noti ileile kwa nyakati tofauti, zikichanganywa zinakulana. Pima kwa kamba ili zote ziwe umbali sawa kutoka freti ya 12, au jaribu kitufe cha kugeuza fezi kwenye programu, yaani kupindua wimbi la sauti la maiki moja, usikilize kwa mono, sauti zote zikiwa kwenye njia moja. Isipokaa sawa, toa moja. Rekodi zilizompa jina Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, alizofanyiwa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, ni za mono, na kidole gumba na cha shahada vinasikika kila kimoja na kazi yake.

Sasa, ununue ipi?

Angalia dalili iliyobaki baada ya yote haya.

Kama chumba kimekataa kutulia, au unaishi barabarani, au unacharaza kwa nguvu huku ukiimba: dainamiki. SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, inauzwa Marekani kwa takriban dola 100, na XM8500 ni ya bei ndogo zaidi na haitakuaibisha. Mwenye SM58 ya kwaya asikimbilie kununua SM57. Zimetokana na muundo mmoja wa kiini, na ukifungua kile kichwa cha wavu unapata kitu kinachokaribiana nayo sana kwenye gitaa.

Kama chumba kimetulia na unapiga kwa vidole: kondensa. AT2020 ni pa kuanzia pazuri. Kondensa nyembamba za penseli, kama Rode M5, mimi ndizo ninazozipenda zaidi kwa gitaa kavu, kwa sababu ni rahisi kuzielekeza na haziongezi ukubwa ambao gitaa halina. Ila kwa anayetaka na kuimba kwenye maiki hiyohiyo, AT2020 inafaa zaidi.

Huna saundi kadi na hutarajii kuwa nayo karibuni: maiki ya USB inaepusha mambo mengi ya 48V na waya. Samson Q2U ina USB na XLR pamoja, kwa hiyo siku ukipata saundi kadi huitupi. Ukiwa na simu tu, Boya na godoro.

Na ukiwa na dola 200 mkononi, usizimalizie zote kwenye maiki. Nusu iende kwenye saundi kadi, na bakisha ya stendi imara, kwa kuwa maiki iliyowekwa juu ya rundo la vitabu haikai sentimita 25 kutoka popote.

Jihadhari na bandia, hasa za Shure. SM58 halisi ina gramu 298 na SM57 gramu 284. Za kughushi mara nyingi ni nyepesi, na mzani wa duka la jirani unatosha kukuonyesha. Usinunue kwa picha. Nenda na laptopu, saundi kadi na waya wako, mwombe muuzaji uichomeke hapohapo, rekodi nusu dakika ya ukimya na kodi chache, usikilize kwa hedifoni zako kabla pesa haijatoka mfukoni.